ALAMA HAIMSWALII MTUME: TUANDIKE MANENO, TUACHE KUBANDIKA

Sifa zote njema ni za Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake wote. Amma ba'd:

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, tunataka kusema wazi juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Ni ile alama inayobandikwa baada ya jina la Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) katika meseji, vipeperushi na majarida yetu, yaani hii: ﷺ. Ikiwa umeiona vizuri, maneno manne ya Kiarabu yaliyobanwa pamoja, basi simu yako au kompyuta yako ni nzuri. Ikiwa umeona kisanduku kitupu au alama ya kuuliza, ushahidi wa makala hii unao tayari mkononi mwako.

Wapo ndugu zetu, hasa vijana waliosoma kompyuta, ambao wameifanya alama hii kuwa kipimo cha heshima. Ukiandika "rehma na amani zimshukie" kwa Kiswahili wanakuona mtu wa zamani. Ukiandika Kiarabu chake kwa herufi za Kilatini wanasema umeharibu matamshi. Lakini ukiibandika ile alama, hata kama hukutamka kitu, hapo ndipo umemheshimu Mtume! Na upande wa pili wapo wanaoikataza kabisa, wakisema ni ufupisho tu kama "s.a.w." na kwamba hukumu yao ni moja. Sisi tunaona makundi yote mawili yanagombania kitu ambacho hayajakitazama. Basi tukitazame.

KOMPYUTA INAIONAJE?

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi ya kila lugha imepewa namba yake katika daftari moja la dunia nzima linaloitwa Unicode. Herufi A kubwa ni namba 65. Alif ya Kiarabu ni namba 1575. Alama tunayoizungumzia ni namba 65018, na wataalamu huiandika U+FDFA. Imo katika daftari hilo tangu toleo la mwaka 1993.

Imewekwa katika mtaa wa maumbo ya Kiarabu, na mtaa huo una historia yake. Mwanafunzi yeyote wa madrasa anajua kwamba herufi baa ina sura yake mwanzoni mwa neno, nyingine katikati, nyingine mwishoni, na nyingine ikiwa peke yake. Mifumo ya zamani ya kompyuta ilikuwa ikitoa namba kwa kila sura. Leo hii haifanyi hivyo: kompyuta inahifadhi baa moja tu, na fonti ndiyo inayochagua sura kulingana na jirani zake. Lakini ili maandishi ya mifumo ile ya zamani yasipotee, sura zile ziliachiwa nafasi katika daftari. Alama yetu ni mkazi wa mtaa huo, pamoja na ndugu yake U+FDFB, ambayo ni "Jalla Jalaaluhu".

Sasa angalia jambo la ajabu. Unicode ina utaratibu wa kuyasawazisha maandishi, ili mtu akitafuta neno alipate hata kama limeandikwa kwa sura nyingine. Katika utaratibu huo, herufi hii MOJA inafunguka na kuwa herufi 18: swaad, laam, alif maqswuura, nafasi, kisha jina la Allaah, nafasi, 'alayhi, nafasi, wasallam. Herufi 15 na nafasi 3. Hakuna herufi nyingine katika Unicode nzima inayofunguka kwa wingi kuliko hiyo. Ikihifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, ambao ndio unaotumika karibu kila mahali kwenye intaneti, alama inachukua baiti 3. Ikifunguliwa inakuwa baiti 33. Imeongezeka mara kumi na moja! Waandishi wa programu duniani, Waislamu na wasio Waislamu, huitumia kujaribu kama programu zao zitahimili maandishi yanayovimba ghafla.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba alama hii ni sawasawa na "s.a.w." au na ile "swaad-laam-'ayn-miim" iliyozoeleka katika baadhi ya vitabu vya Kiarabu, hawakusema kweli. Ile ya mwisho ni herufi nne zilizochomolewa kutoka katika maneno. Hii ni maneno yenyewe manne, hayakupunguzwa hata herufi moja, na kompyuta yenyewe inashuhudia. Hoja ya uharamu wa ufupisho haiingii hapa. Tumemaliza na kundi hilo.

Kundi la kwanza ndilo tuna maneno nalo marefu.

ALAMA INAKUFA NJIANI

Heshima gani hii ambayo haifiki kwa aliyetumiwa? Baiti moja inabeba namba kuanzia 0 mpaka 255 tu. Namba 65018 haienei humo, kwa hiyo UTF-8 inaigawa vipande vitatu: 239, 183, 186. Programu inayoelewa UTF-8 ikivipokea inaviunganisha na kuichora alama. Lakini programu ya zamani, au iliyopangwa vibaya, inavisoma kimoja kimoja kwa jedwali la herufi za Ulaya Magharibi, na inatoa hiki: ï·º. Bila shaka wengi mmeshaiona takataka hiyo katika baruapepe na kurasa za Kiislamu, baada ya jina la Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), mkadhani ni kirusi cha kompyuta. Si kirusi. Ni swala ya mtu, imevunjwa vipande vitatu njiani.

Na hiyo ni afadhali. Kuna mifumo ambayo ikikutana na herufi isiyokuwemo katika jedwali lake inaweka alama ya kuuliza mahali pake. Matokeo yake, sentensi aliyoiandika ndugu yetu kwa mapenzi inamfikia msomaji hivi: "Mtume Muhammad ? ametufundisha..." Tunawauliza wanaoshikilia alama: hii ndiyo adabu mliyokusudia? Alama ya kuuliza baada ya jina la Mtume wa Allaah, katika karatasi inayosomwa na mtoto, au na jirani asiye Muislamu ambaye tunataka aujue Uislamu? Aliyeandika hajui kwamba imetokea, kwa sababu kwenye kioo chake alama inang'aa vizuri.

Hata inapofika salama, inafika ikiwa ndogo mno. Fonti inalazimika kuyabana maneno manne katika nafasi ya karibu herufi moja. Fonti moja inayachora kama duara, nyingine inayapanga juu kwa juu kama vikombe kabatini. Kwa ukubwa wa kawaida wa maandishi ya Kiswahili kinachobaki ni doa jeusi. Bibi mwenye miwani atasoma nini hapo?

NA GHARAMA YAKE JE?

Hapa tunawaomba walimu wa madrasa na wajumbe wa kamati za misikiti wasome kwa makini, maana ni fedha za umma wa Kiislamu.

Wazazi wengi wetu, kutoka Buyenzi mpaka Nyamirambo, kutoka Uvira mpaka Kigoma, wana simu za kawaida zisizo na WhatsApp, na madrasa huwafikia kwa meseji. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, kwa kuwa jedwali la herufi za simu ni dogo: herufi za Kilatini, tarakimu, na alama chache. Herufi moja tu isiyokuwemo katika jedwali hilo ikiingia, meseji NZIMA inahamishiwa mfumo mwingine ambao kila herufi, hata a na b, inachukua nafasi kubwa zaidi. Hapo meseji moja inabeba herufi 70 badala ya 160. Na ikizidi hapo ikagawanywa, kila kipande kinabeba 67 tu, maana nafasi nyingine inatumika kuviunganisha vipande.

Tupige hesabu. Maalim ameandika tangazo la Maulidi au la mtihani, lina herufi 135 pamoja na nafasi zake. Akiongeza "rehma na amani zimshukie", ambayo ni herufi 24, anapata 159. Meseji moja. Akiibandika ile alama badala yake, ambayo ni herufi 1, anapata 136. Mtu atadhani amebana matumizi! Lakini sasa mfumo umebadilika, vipande viwili vinabeba 134 tu, kwa hiyo ujumbe wake unakwenda kwa vipande VITATU na unalipiwa tatu. Kwa madrasa yenye wazazi 200, ni meseji 600 badala ya 200. Fedha za nani hizo? Ni za sadaka ya Ijumaa na ada za watoto. Na kwa mzazi mwenye simu isiyoijua alama hiyo, kilichonunuliwa kwa bei mara tatu ni kisanduku kitupu.

(Kwa faida tu: ile koma ya juu iliyopinda ambayo kompyuta hupenda kuiweka yenyewe inafanya madhara yaleyale. Tumieni iliyonyooka.)

ULIMI WA MTOTO

Yote hayo ya mashine mtu anaweza kusema yatakwisha. Simu zitakuwa nzuri, mifumo itarekebishwa. Ni kweli, na mengi yamerekebishwa tayari. Lakini kuna dhara moja ambalo simu nzuri hailiondoi, na ndilo linalotuuma zaidi.

Mpe mtoto wako wa miaka tisa kitabu cha Sira cha Kiswahili kilichojaa alama hiyo, umwambie asome kwa sauti. Sikiliza. "Mtume akaondoka Makkah. Mtume akafika Madiynah." Jicho limeruka! Ameiona alama kama ua la kupambia ukurasa. Sasa mpe kitabu kilichoandikwa kwa maneno, "Mtume, rehma na amani zimshukie, akaondoka Makkah", na hana budi kutamka. Amemswalia Mtume bila kushurutishwa, na ameelewa anachokiomba kwa lugha anayoota nayo ndoto.

Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ametuamrisha katika Suratul-Ahzaab, aya ya 56, tumswalie Mtume na tumtakie amani. Na tumepokea katika Hadithi iliyomo kwa Imam Muslim kwamba anayemswalia mara moja, Allaah humswalia mara kumi. Na iliyomo kwa at-Tirmidhiy kwamba bakhili ni yule ambaye Mtume anatajwa mbele yake naye asimswalie. Haya yote yanahusu mtu na ulimi wake na moyo wake. Namba 65018 haina ulimi. Aliyebofya mara moja bila kutikisa midomo, na msomaji aliyepita juu yake bila kutikisa midomo, nani kati yao aliyemswalia Mtume? Tunaogopa kwamba tumeyajaza majarida yetu alama za swala huku nyumba zetu zikipungukiwa na swala zenyewe.

Na wala wasifurahi watu wa "s.a.w." Hiyo nayo tunaikataa, na kwa nguvu zaidi. Watoto wanaisoma "sau". Mwanafunzi wa Kiingereza akiiona kwa herufi kubwa anakumbuka msumeno. Al-Haafidh Ibn as-Swalaah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya Hadithi aliwausia waandishi wasichoke kuiandika swala na salamu kila Mtume anapotajwa, na akawaonya dhidi ya kuiashiria kwa herufi mbili au mfano wake, na dhidi ya kuiandika swala bila salamu. Alikuwa akiwaambia watu wa kalamu ya mwanzi na wino, ambao kila neno liliwagharimu jasho na karatasi. Humohumo limetajwa lile la Imam Ahmad bin Hanbal, ambalo al-Khatwiyb al-Baghdaadiy aliliona katika hati yake: jina la Mtume lipo na swala haikuandikwa. Na al-Khatwiyb akasema imemfikia kwamba Imam alikuwa akimswalia kwa kutamka. Angalieni tofauti. Yule hakuandika lakini alitamka. Sisi tunabandika wala hatutamki.

MTAA UMEKUWA NA FUJO

Si alama hiyo peke yake. Mwaka 2003 Unicode iliongeza namba ya Bismillaahi yote nzima, U+FDFD, iwe herufi moja. Hii ni pana kuliko herufi nyingine unazozijua, na vijana wa mitandaoni, wengi wao hawajui hata imeandikwa nini, wanaibandika mara kumi mfululizo ili kuchafua ukurasa wa mwenzao na kucheka. Jina la Allaah limekuwa kichezeo cha kupimia upana wa kioo! Na tofauti na ile ya swala, hii haifunguki. Kwa kompyuta haina baa wala siin ndani yake. Ukitafuta neno "bismi" katika maandishi, alama hii haitatokea. Kwa mashine ni mchoro usio na neno.

Mwaka huohuo zikaingia alama nyingine ndogo zinazokaa juu ya jina, mojawapo ya swala ya Mtume, nyingine ya radhi kwa Swahaba. Na mwaka 2021 zikaja nyingine nyingi: radhi kwa mwanamume, radhi kwa mwanamke, radhi kwa wawili, radhi kwa wengi, na nyinginezo. Kwa wanaochapa vitabu vya Kiarabu ni msaada mkubwa, wala hatuwalaumu. Lakini tayari tunaziona zikibandikwa katika makala za Kiswahili, kwa wasomaji ambao simu zao zilitengenezwa kabla ya namba hizo kuzaliwa. Visanduku juu ya visanduku.

Tusieleweke vibaya. Hatupingi herufi za Kiarabu. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi hizo karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini, na tunatamani vijana wajifunze kuzisoma barua zao. Anayeandika Kiarabu na aiandike swala kwa Kiarabu, herufi kwa herufi. Mwenye kuchora bango la ukutani akaichora alama kubwa kiasi cha kusomeka, hakuna ubaya. Tunachokipinga ni kuibandika katikati ya Kiswahili kama muhuri, kisha kumdharau aliyeandika maneno.

"INACHOSHA"

Huu ndio udhuru wa mwisho tunaousikia, na ni dhaifu kuliko zote. Herufi 24 zinachosha, lakini kuandika aya nne za kubishana kuhusu mpira hakuchoshi?

Basi mashine ifanye kazi. Katika simu nyingi za kisasa, ndani ya mipangilio ya kibodi, kuna kamusi ya binafsi au sehemu ya kubadilisha maandishi. Weka humo kifupi unachokipenda, tuseme "rnz", na mbele yake uandike "rehma na amani zimshukie". Kuanzia hapo ukigusa herufi tatu, simu inakuletea maneno manne, kwa herufi za kawaida zinazofika kila mahali. Katika programu za kuandikia kwenye kompyuta sehemu hiyo ni ileile inayosahihisha makosa ya tahajia yenyewe. Ni kazi ya dakika mbili, na mtoto wa darasa la tano ataifanya kwa ajili ya babu yake. Kifupi kinabaki kwenye kidole chako. Msomaji anapata maneno kamili.

Kwa upande wetu, makala zitakazotufikia zikiwa na alama hiyo tutaziondolea na kuweka maneno, ama "rehma na amani zimshukie" ama "Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam", kama mwandishi atakavyochagua. Zenye "s.a.w." hali kadhalika. Makala za Kiarabu zitabaki kama zilivyo. Na walimu wenye orodha za meseji za wazazi, tunawaomba mwezi huu muifungue ile meseji mnayoituma kila Ijumaa, mhesabu herufi zake, kisha mtutumie hesabu yenu tuichapishe, inshaAllaah.

Wassalaamu 'alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.